Wabunifu wamfikirie mwenye simu ya bei nafuu
Urahisi wa programu za kuhariri video kwenye simu hauji kwa kupunguza vitufe tu. Kumbuka Vine, programu ya video fupi iliyozinduliwa Januari 2013. Ulipogusa kioo, ilirekodi. Ulipoinua kidole, ilisimama. Ulipogusa tena, iliendelea hadi sekunde 6 ziishe. Kukata na kuunganisha vipande, kazi ambayo mhariri huifanya baadaye, ilikuwa imeshafanyika wakati wa kurekodi. Hiyo ndiyo akili ya ubunifu ninayoiheshimu: kwanza wabunifu wake waliamua video iwe fupi, ndipo mengine yote yakawa mepesi.

CapCut, programu ya kuhariri video ya ByteDance, imeshika njia nyingine, ya violezo. Unaweka picha zako, mpangilio na muziki viko tayari. Vinamfaa sana mama lishe au fundi cherehani anayetangaza kazi yake, lakini vinazaa video zinazofanana, na mfanyabiashara anataka atambulike, asichanganywe na jirani.

Ombi langu kubwa ni simu za bei nafuu zifikiriwe. Video nzito ikihaririwa, simu inapata moto, nafasi inajaa, programu inajifunga na kazi yote imepotea. Dawa ipo, na kwenye kompyuta inatumika tangu zamani: mtu ahariri nakala nyepesi ya video, ubora kamili urudi wakati wa kuhifadhi video iliyokamilika. Kazi ijihifadhi yenyewe kila hatua. Na kitufe cha kurudi nyuma kiwe kikubwa, kisifichwe ndani ya menyu, maana anayeanza huogopa zaidi kuharibu kuliko anavyoogopa kujifunza.