Asiyeweza Kuinama Je?

Mji wetu wa Sultan Hamud, ulio kando ya reli na barabara kuu ya Mombasa, una jina ambalo wanafunzi wengi hulitamka bila kujua asili yake. Ni jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Unguja, aliyetia sahihi amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa katika sheria za visiwa vyake.

Amri hiyo ilikuwa na dosari kubwa. Mtumwa hakuwekwa huru moja kwa moja, bali alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake. Masuria hawakuhesabiwa kabisa, hadi amri nyingine ilipotolewa mwaka 1909.

Nimeikumbuka historia hiyo kwa sababu ya sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyotiwa sahihi na Rais William Ruto mwezi Mei 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake ulitetewa katika Seneti na Seneta Maalum Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Anastahili pongezi zetu.

Hata hivyo, tusisahau kuwa sheria ile ya 2003 ilimkataza mzazi kumficha mtoto mwenye ulemavu hata akakosa huduma. Katika miaka yangu ya ualimu nimekutana na watoto waliofichwa, wala sikusikia hata mmoja aliyepeleka malalamiko yake popote. Angeyapelekaje, ilhali hata uani hatolewi? Nakiri kwamba mmoja wao nilikuwa jirani yake kwa miaka miwili, na sikubisha hodi.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Je, asiyeweza kuinama? Haki inayomngoja mnyonge aje kuidai haina tofauti na uhuru ule wa 1897.

Wabunge wamemaliza sehemu yao. Iliyosalia ni yetu. Kila mwanafunzi anajua nyumba yenye rika lake asiyeonekana shuleni. Basi na amnong'oneze mwalimu wake, kwani huko si kuingilia mambo ya jirani. Naye mwalimu asingoje mzazi aje ofisini. Aifuate njia ya nyumbani hadi mlangoni, na jina la mtoto huyo liingie katika rejista. Mimi nimekwisha kuchelewa miaka miwili, nanyi msinifuate katika hilo.