Injini Nyingine Katika Gari la Zamani: Tusiwahukumu Haraka Vijana wa Gereji



Katika parokia nyingi tunakopelekwa wakati wa likizo hakukosi kijana mmoja au wawili ambao kila shilingi inayobaki baada ya mahitaji inaishia kwenye gari. Si gari la kubebea mazao wala la teksi. Ni Altezza ya mwaka 1999, au Mark II iliyopauka rangi, na kila Jumamosi bonenti iko wazi. Wazee wakipita wanatikisa kichwa: huo ni uhuni, ni ubadhirifu, ni kelele. Na sisi waseminari, tunaotarajiwa siku moja kuwa wachungaji wa hao wote, mara nyingi tunakubaliana na wazee bila kuuliza lolote. Sisi tunaoandika hapa tunaona kwamba hukumu hiyo imetolewa mapema, tena imeelekezwa pasipo. Kosa, likiwepo, haliko katika kubadilisha injini. Liko kwingine, na tutalifikia.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoilaani hawajawahi kuitazama. Kati ya mwaka 1983 na 1987 Toyota ilitengeneza gari dogo ambalo wapenzi wake hulitaja kwa namba ya chasisi, AE86. Kule Japani liliuzwa kwa majina ya Corolla Levin na Sprinter Trueno. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, ni jepesi, kwa kawaida halifiki tani 1, na injini yake ya 4A-GE ina lita 1.6 na valvu 16. Mwaka 1991 Toyota ikatoa injini ya ukoo huohuo yenye valvu 20, ikaifunga kwenye Corolla Levin ya AE101. Mwenye AE86 anaitamani. Ni ya ukoo mmoja, ina nguvu zaidi, basi ashushe ya zamani afunge hii. Kumbe AE101 inavutwa na magurudumu ya mbele, na injini yake imelala kwa upana wa gari, wakati ya AE86 inakaa kwa urefu. Ukiigeuza, distributa inakwenda kugonga ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva. Mabomba ya maji yanatazama kusikofaa. Giaboksi haiwezi kutumika ile iliyokuja na injini. Halafu zinakuja nyaya: kompyuta ya injini mpya inadai sensa zake, na kila waya lazima ufuatwe toka mwanzo hadi mwisho, mchoro mkononi. Ukikosea mmoja, gari haliwaki, na huna wa kumlaumu.

Kazi hiyo huchukua miezi, na wengi huifanya usiku baada ya kazi ya mkate. Kijana ambaye tuliambiwa darasani hasomi anakaa na michoro ya umeme ya kurasa nyingi, mara nyingine imeandikwa Kijapani, akilinganisha alama kwa alama. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya kabla ya kutoka kwenye kitu kinachotengenezwa. Tukilisoma fundisho hilo kwa ajili ya mtihani tu, halafu tukapita gerejini tukiwa tumekunja uso, sijui tumejifunza nini. Na kama mtu atasema hii si kazi ni mchezo, basi Mtakatifu Tomaso wa Akwino ametutangulia: katika Summa yake aliuliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo, akajibu kwamba iko, kwa sababu roho nayo huchoka na inahitaji kupumzishwa.

Lipo pingamizi jingine, na hili halitoki kwa wazee bali kwa wapenzi wa magari wenyewe. Wanasema gari la kale ni urithi. Ukilitoa injini yake umeliua. Pingamizi hili lina uzito, lakini historia haiko upande wake kama wanavyodhani. Mwaka 1964 kampuni ya Prince ilitaka kushindana katika mashindano makubwa ya Japani pale Suzuka. Ilikuwa na Skyline, gari la familia lenye injini ya silinda 4 na lita 1.5. Ilikuwa pia na Gloria, gari kubwa zaidi, lenye injini ya silinda 6 na lita 2. Injini ya Gloria haikuenea kwenye Skyline. Wahandisi wakaikata pua ya Skyline, wakairefusha kwa sentimita 20, wakaiingiza. Porsche 904 ilishinda siku ile, lakini Skyline zilishika nafasi ya 2 hadi ya 6, na moja kati yake iliongoza kwa mzunguko mmoja mbele ya watu waliosimama kushangilia. Miaka 2 baadaye Prince iliunganishwa na Nissan, na jina la Skyline likaendelea hadi kwenye GT-R ambazo leo vijana wanazichora kwenye madaftari. Yaani ukoo huo wote wenye heshima umeanza na msumeno na injini ya gari jingine.

Nissan yenyewe ilirudia. Ilipotoa gari lake la Z mwaka 1969 ilitengeneza toleo lililoitwa Z432, likiwa na injini ya S20 iliyotoka kwenye Skyline GT-R. Namba hiyo haina fumbo: valvu 4 kwa kila silinda, kabureta 3, na kemshafti 2. Anayesema Datsun Z ni najisi ikiwa na injini ya ndugu yake, alipeleke shauri lake kiwandani.

Mahali pamoja tu sisi wenyewe hatukuelewana tulipokuwa tukiandaa makala hii. Ni Mazda RX-7. Injini yake haina pistoni zinazopanda na kushuka. Ndani yake huzunguka kitu chenye pembe 3, na kwa injini ya namna hiyo Mazda ilishinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991. Kule Marekani wengi huitoa na kuweka V8 ya General Motors, kwa kuwa ile ya Mazda inahitaji uangalizi wa karibu na ikichoka haichelewi kufa. Gari linakimbia, tena halisumbui. Lakini je, bado ni RX-7? Wenzetu wa filosofia walileta umbo na mata, mjadala ukafika usiku, mmoja akatukumbusha kwamba umbo la kitu kilichotengenezwa na fundi ni la ajali tu, si la kiini. Serikali haijisumbui hivyo: gari ni lile lenye namba ile ya chasisi. Nusu yetu tungeacha injini ya Mazda mahali pake. Nusu nyingine wanasema afadhali gari linalotembea kuliko lililo juu ya mawe.

Wazee wetu nao wasijifanye wageni wa mambo haya. Mashindano ya Safari Rally yalipokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanzania, Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971, na mwaka 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun vilevile. Waliosimama kando ya barabara wakimeza vumbi ili waone gari likipita kwa sekunde chache ni haohao ambao leo ni babu zetu. Mapenzi haya hayakuletwa na simu za mkononi.

Sasa fedha. Papa Fransisko katika Laudato Si' alikemea utamaduni wa kutupa, na akataja kutumia tena kitu badala ya kukitupa, kwa nia njema, kuwa tendo linaloweza kubeba upendo. Injini iliyotolewa kwenye gari lililogongwa Japani, ikasafiri kwa meli, ikanunuliwa Kariakoo au Grogan jijini Nairobi, ikafufua gari ambalo injini yake ilinoki, imeepushwa na jalala, nalo gari pia. Hatuoni dhambi hapo. Lakini neno hilo la Papa lisigeuzwe kuwa pazia. Kuna mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada na yeye ameagiza turbo. Kuna aliyekopa kwenye kikundi cha mkewe akisema ni mtaji. Huyo hahitaji mjadala wa umbo na mata. Anahitaji kitubio, na kurudisha fedha za watu.

Tena injini ina namba yake, na namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari. Anayenunua injini kwa bei ya kutupa, isiyo na karatasi na yenye namba iliyokwanguliwa, anajua moyoni imetoka wapi. Amri ya saba haina kifungu cha spea.

Tumesema kosa liko kwingine. Liko kwenye breki, na liko kwenye barabara ambayo si mali ya mtu mmoja. Kiwanda kilipotengeneza AE86 kilipima breki, springi na tairi kwa nguvu za injini ile. Ukiongeza nguvu mara mbili na kuacha breki zilezile, umetengeneza chombo kinachojua kwenda bila kujua kusimama. Hesabu yake si ngumu: mwendo ukipanda kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, umeongezeka mara 2, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza imeongezeka mara 4. Ndiyo maana mafundi wa kweli wa hobi hii, Japani na kwingineko, huanza chini: breki kubwa zaidi, springi, mauntingi za injini zilizochomelewa na mtu anayejua kuchomelea. Nguvu huja mwisho. Kule Japani gari la kawaida hukaguliwa kila baada ya miaka 2, na anayeweka injini ya aina nyingine anatakiwa kulipeleka likakaguliwe upya. Kwetu mara nyingi mkaguzi ni dhamiri ya fundi peke yake, na dhamiri hiyo inashindana na mteja anayetaka sauti ya turbo isikike mtaani kabla ya Pasaka.

Breki hazipigwi picha. Hakuna anayekusanya marafiki waje kutazama bomba jipya la mafuta ya breki. Kwa hiyo ndizo zinazoahirishwa, na sisi tunaovaa kanzu na kubeba chetezo kwenye misa za mazishi tumeona majeneza ya vijana wa barabarani, na tumeona pia ya mama aliyekuwa anavuka tu kwenda dukani. Katekisimu, namba 2290, inaliweka jambo hili chini ya amri ya tano, pamoja na ulevi: anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa kupenda mwendo kasi anajitwika hatia kubwa. Haikuandikwa kwamba injini kubwa ni dhambi. Imetajwa fadhila ya kiasi, na mahali pa kuivunja, yaani barabara.

Kwa sababu hiyo tunadhani mahubiri dhidi ya "magari ya kihuni" hayafiki. Kijana anayasikia, anaona padre hajui tofauti ya injini na giaboksi, anaendelea na shughuli zake, na safari ijayo haji. Kitabu cha Baraka cha Kanisa kina ibada ya kubariki vyombo vya usafiri, na vijana hawa huomba baraka hiyo kuliko tunavyofikiri. Tungependa padre siku hiyo asiishie kunyunyiza maji juu ya bonenti. Aombe ifunguliwe. Aulize injini hii ilitoka kwenye gari gani, kadi imebadilishwa au bado, na breki je, ni zilezile za zamani? Ambaye hakufanya kazi yake atababaika, na hapo padre amepata mahali pa kuanzia. Aliyeifanya atafurahi kuulizwa, na huenda akamshikilia padre hapo nje hadi kengele ya misa ya pili.