Faragha si Upweke

Tangu nistaafu ualimu napanga kwenda ng'ambo peke yangu, nipumzishe mwili na moyo. Wanangu hapa Chiungutwa wananiuliza: "Mama, upweke huo wa nini?"

Kiswahili kimekwisha kuwajibu. Upweke humpata mtu asiyeutaka; faragha hutafutwa na mwenyewe. Tangu nifiwe na mume wangu, upweke ninao. Nilichokosa ni faragha.

Na ng'ambo ni upande wa pili wa maji, hata ya ziwa. Nitapita Tunduru, Songea na Mbamba Bay, nivuke Nyasa hadi Malawi. Tusikubali matangazo ya safari yatufunze kwamba utulivu ni wa wenye nauli ya ndege tu.