Muthaiga Haijitegemei

Wakenya wengi wanaamini kwamba mitaa ya kitajiri kama Muthaiga inajitegemea. Matajiri, tunaambiwa, wana visima vyao, walinzi wao na jenereta zao, na bado hulipa kodi inayolibeba jiji zima la Nairobi. Mzigo, eti, ni watu wa mtaa wa mabanda wa Mathare, ng'ambo ya barabara ya Thika. Nimeyasikia haya hata Mathare kwenyewe, na ndiyo maana yananiuma.

Hiyo ardhi ya Muthaiga ilipatikanaje? Serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu miinuko yenye hewa safi, na ripoti ya Profesa Simpson, mtaalamu wa afya, ikataka watu wa Nairobi watengwe kimakazi kwa rangi zao. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1913. Mwafrika aliingia huko akiwa mpishi au shamba boi. Uhuru ulipokuja, walibadilika wenye hati tu.

Lakini kwenye kodi ndipo uongo unapoanikwa. Kwa zaidi ya miongo mitatu, Nairobi ilitoza kodi ya ardhi kwa thamani za mwaka 1982. Ekari moja ya Muthaiga ilifika kuuzwa zaidi ya shilingi milioni mia moja, na kaunti ikaendelea kuitoza kwa bei ya enzi hizo. Jumba lililojengwa juu yake halikuhesabiwa kabisa, maana kilichothaminiwa ni ploti tupu. Hiyo ni ruzuku, tena waliipata wasioihitaji.

Huku Mathare, mama anayenunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5 analipa shilingi 250 kwa kila lita elfu, mara kadhaa ya bei anayolipa mwenye bomba nyumbani. Na hicho kisima cha tajiri kinanyonya maji ya chini ya ardhi ambayo, kwa Sheria ya Maji ya 2016, ni amana ya wananchi wote. Maji hayo yanazidi kushuka. Anayewalinda matajiri na kuwafulia, naye, mara nyingi hurudi kulala kwenye chumba cha mabati.

Sasa kaunti ina orodha mpya ya thamani za ardhi. Itekelezwe Muthaiga bila kuoneana haya, na fedha zitakazopatikana zianzie kwenye mabomba na mitaro ya Mathare.