Samaki wa vidonda: tusihukumu kwa macho tu

Samaki akitoka mtoni na kidonda, kwenye chimbo jibu liko tayari: ni merkiri. Lakini merkiri haionekani kwa macho. Mbenga mwenye ngozi safi anaweza kuwa nayo nyingi, kwa sababu anakula samaki wengine. Hiyo sherti ipimwe ndani ya nyama, na mashine ingine.

Kidonda kina habari yake. Mwisho wa 2006, wavuvi wa mito Chobe na Zambezi, upande wa Botswana, Namibia na Zambia, walianza kuvua samaki wenye vidonda vyekundu. Wataalamu walikata nyama vipande vyembamba, wakavitia rangi, na kwa mikroskopi wakaona nyuzi za Aphanomyces invadans, kitu kinachofanana na kuvu. Mwaka 2007 ugonjwa ukajulikana.

Hapa Kisangani tuko na Chuo Kikuu, tuko na Centre de Surveillance de la Biodiversité. Wapewe mikroskopi yenye kamera na intaneti isiyokatika. Picha ikitoka hapa asubuhi, mtaalamu wa Lusaka anaweza kuisoma mchana, bila chupa ya formoli kupanda ndege. Pesa itoke kwenye kodi ya zahabu na almasi. Nani anakula samaki hawa kama si wachimbaji?

Na ninyi ndugu, mukivua wa namna hiyo, musimurudishe majini wala kumutia katika kidimbwi cha kufuga. Mupige picha, muandike siku na mahali. Mama anayepika chimboni anangoja kujua: atupe samaki huyu, ao aogope hata yule mzima?