Hakuna Anayemaliza Mambo Yake

"Nikimaliza mambo yangu, nitaenda mafungo monasterini." Hapa Mtoni nimeisikia kauli hiyo kwa muuza mihogo, kwa fundi wa malori, kwa mhasibu anayeshuka kwenye daladala la Mbagala saa tatu usiku akiwa hoi. Nami niliisema kwa miaka mingi. Leo naipinga, kwa sababu imewanyima Wakatoliki wengi wa mji huu kitu wanachokihitaji kuliko mkopo mwingine au kiwanja kingine.

Mambo hayaishi. Sijaona Mtoni siku ambayo ada imelipwa, maji yamejaa pipani, zamu ya kijumbe cha upatu imepita, mpangaji hadaiwi na mtoto hana homa, vyote kwa pamoja. Anayeisubiri siku hiyo atazikwa akiwa bado anaisubiri.

Kauli hii inasimama juu ya picha ya uongo, kwamba monasteri ni makao ya watu wasio na shughuli. Wamonaki wa Kibenediktini walifungua misheni Pugu, hapo juu tu ya mji wetu, mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ikashambuliwa na baadhi ya watawa wakauawa. Hawakungoja nchi itulie ndipo wasali. Misheni yao ya Peramiho ilianza 1898, ya Ndanda 1906. Ukifika Ndanda leo utakuta hospitali yenye wagonjwa wanaosubiri, mitambo ya kuchapa vitabu, na karakana. Vitabu vingi vya sala tulivyonavyo nyumbani vina jina la Ndanda–Peramiho kwenye jalada. Hao ndio tunaosema hawana kazi.

Tofauti yao na sisi ni kwamba kengele ikilia wanaacha. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyoiandika karne ya 6, anamtaka mmonaki anayesikia ishara ya sala aache mara moja kilichomo mkononi, hata kama hakijakamilika. Hakuweka sharti la kumaliza kwanza. Ufundi wote wa kimonaki, kwa jinsi ninavyouelewa, uko hapo: kuiacha kazi ikiwa nusu bila moyo kuvunjika, ukiamini dunia haitaanguka kwa kukosa mikono yako kwa nusu saa.

Na ufundi huo tunao. Simu ya msiba ikiingia saa nne usiku, mtu anafunga kibanda, anamkabidhi jirani funguo, anaazima nauli, na alfajiri yuko ndani ya basi la Songea. Haulizi kama hesabu za mwezi zimefungwa. Marehemu anastahili heshima hiyo, nami siipunguzi hata chembe. Ila nauliza kwa uchungu: kwa nini Mungu aliye hai tumwambie asubiri hadi bidhaa ziishe?

Wapo wanaoamua kwenda, lakini wanaibeba imani ileile kwa mlango wa nyuma. Wiki ya mwisho wanakimbizana ili wamalize kila kitu kabla ya safari. Mara yangu ya kwanza nilifanya hivyo. Siku mbili nilishindwa na usingizi, ya tatu nilihesabu madeni kichwani wakati wa Masifu ya Jioni, ya nne ikawa ya kurudi. Mafungo ya kimonaki hayana mhubiri wa kukuamsha kwa sauti. Kuna zaburi zinazosomwa polepole, kituo katikati ya mstari, halafu kimya. Ukiingia na mbio za Kariakoo, kimya kile kinakugeukia kuwa mateso.

Kwa hiyo maandalizi yaanze mwezi mzima kabla, na yaanzie kibandani. Chagua saa ya kufunga, tuseme saa moja usiku, kisha funga hata kama mteja anakuja mbio na noti ya elfu kumi. Inauma, najua. Saa sita mchana kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, mwiko ukae pembeni, umeze mate, usali hapohapo ulipo. Benedikto aliwaagiza ndugu waliokuwa kazini mbali na kanisa wafanye hivyo: wapige magoti palepale walipo, kwa saa ileile. Kijumbe chako kilipe mapema. Awepo mtu mmoja tu atakayejua namba ya simu ya nyumba ya wageni ya monasteri. Na ulale vya kutosha, maana mwili usiolala hausali.

Niseme na wanaume wenzangu. Baba anayefunga begi na kumwachia mke watoto, mama mgonjwa na duka hajajiandaa. Amehamisha tu mzigo. Na mama anapotaka kwenda, swali linalorushwa ni lile la nani atapika. Atapika aliyebaki. Mwezi wa maandalizi ni wa kumfundisha baba kuwasha jiko la mkaa na kumkabidhi dada mkubwa orodha ya wanaodaiwa. Nyumba isiyoweza kumwachia mama siku nne haina haki ya kujiita ya Kikristo kwa sababu tu ina picha ya Moyo Mtakatifu ukutani.

Siwasemi wale ambao siku moja bila kuuza ni siku bila ugali. Kwao sala ya saa sita, pembeni ya sufuria, ni monasteri kamili, na aliye na nafasi afikirie kuwalipia nauli au kuwashikia genge. Ninaowasema ni sisi tuliokaa siku tano kwenye harusi Moshi mwaka huu.

Barabara ya Kilwa inayopita hapa Mtoni ndiyo ya kwenda Lindi, na kutoka huko unafika Ndanda. Jirani yangu, muuza mihogo, ameshaweka alama kwenye kalenda ya parokia. Mtu wa kumshikia jiko hajampata bado. Juzi saa moja kamili nilimwona akizima mkaa, na karai lake lilikuwa bado na vipande sita.