Neno la baba lililodumu miaka kumi

Katika riwaya ya To the Lighthouse, familia ya Ramsay iko likizo kisiwani Skye, Uskoti. Mama anamwahidi mwanawe James, mwenye miaka sita, kwamba kesho watakwenda kwenye mnara wa taa ulio baharini kukiwa shwari. Baba anasimama dirishani na kusema hakutakuwa shwari. Basi. Hakumpiga wala kumtukana, lakini moyoni mtoto anatamani angekuwa na shoka amuue.

Mwingereza Virginia Woolf aliitoa riwaya hii mwaka 1927. Wengi huiacha mapema wakilalamika kwamba hakuna kinachotokea. Wanatafuta matukio nje, kumbe yamo vichwani mwa watu. Sentensi moja inaweza kuanza na mawazo ya mama anayefuma soksi, ikaishia kwenye mawazo ya mgeni, bila taarifa. Dawa yake ni msomaji kujiuliza kila baada ya aya chache: sasa anayewaza ni nani?

Hapo ndipo wahusika wanapofunguka. Bwana Ramsay, mwanafalsafa, hakusema uongo kuhusu hali ya hewa. Kosa lake ni kuutoa ukweli bila kumjali anayeusikia. Kumbe naye ana hofu kwamba kazi yake itasahaulika, na kila mara humwendea mkewe ili atulizwe. Bi Ramsay analea watoto wanane na kumtuliza kila mtu hadi anaishiwa nguvu.

Sehemu ya kati ni fupi, lakini miaka kumi inapita humo, vita vikiwamo. Kifo cha Bi Ramsay kinatajwa ndani ya mabano, kwa sentensi moja. Msomaji hushtuka, akarudi nyuma kuhakikisha. Ndivyo msiba unavyokuwa: nguzo ya nyumba imeanguka, na dunia haikusimama. Woolf aliyajua hayo. Mama yake alifariki mwaka 1895, yeye akiwa na miaka 13.

Mwishoni James, sasa kijana, anashika usukani wa mashua kuelekea mnarani, baba yake akiwamo. Baba anamsifu kwa ufupi tu. James anajikausha asionekane amefurahi, ila dada yake anajua kwamba hilo ndilo alilokuwa akilingoja.

Kukiwa na dalili ya mvua, mtoto aambiwe ukweli. Lakini aambiwe pia ni lini watajaribu tena.